Alama 12 kituo kimoja, 9 kituo kingine: ipi ya kuamini?

Mkuu, nimekuelewa hivi: dada yako ni mjamzito wa miezi saba. Kituo cha kwanza aliulizwa maswali tisa, akapata 12, akaambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Wiki iliyofuata, kwingine, akaulizwa maswali kumi, akapata 9, akaambiwa hana tatizo. Unataka kujua nani kakosea. Miaka mingi nimekuwa mdodosaji kwenye tafiti za afya ya akili, na fomu hizo nimewasomea akina mama wengi tu, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kwanza, hizo alama hazilinganishwi. Kwa maelezo yako, ya kwanza ni PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina 0 hadi 3, jumla 27. Ya pili inaonekana ni ile ya Edinburgh, ya mwaka 1987, iliyotungwa Uskoti kwa ajili ya wanawake waliojifungua. Hiyo inauliza siku saba tu, na jumla yake ni 30. Kutoa 9 kwenye 12 hapo ni sawa na kutoa kilo kwenye futi.

Hata angerudia fomu ileile, namba ingecheza kidogo. Huo ndio uthabiti wa kipimo: mtu yuleyule, hali ileile, je, alama zinakaribiana? Watunzi wa PHQ-9 waliwapigia wagonjwa simu ndani ya saa 48 na kuwauliza upya, uwiano wa alama za mara mbili hizo ukawa 0.84, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Ni mzuri, ila si 1. Mtu wa 11 leo anaweza kuwa 9 keshokutwa bila lolote kubadilika maishani mwake.

Suala la uhalali ndilo zito zaidi: je, fomu inapima kile inachodai kupima? PHQ-9 inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Sasa mwulize hayo mama wa miezi saba. Kuna mmoja alinicheka usoni: "Usingizi? Huyu anapiga mateke usiku kucha, nitalala saa ngapi?" Nikaandika 3. Uchovu, 3. Chakula, 2. Alama nane tayari, na huzuni bado hatujaigusa. Fomu ya Edinburgh iliziacha nyingi ya dalili hizo za mwili kwa makusudi. Hata usingizi inauuliza kwa namna ya kutaka kujua kama ni majonzi ndiyo yanayomnyima.

Halafu kuna hesabu ambayo vituo vingi haviwaelezi watu. Kwenye utafiti wa mwanzo wa PHQ-9, mpaka wa alama 10, yaani anayeufikia anahesabiwa huenda ana sonona, uliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona, na kuwaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Inavutia, sivyo? Tuseme kliniki ina wajawazito 100, na 10 kati yao wana sonona kweli. Fomu itawanasa 9. Lakini kwa wale 90 wazima, asilimia 12 watavuka mpaka pia, yaani kama 11. Waliovuka wote ni 20, na zaidi ya nusu si wagonjwa! Ndiyo maana fomu hizi ni za kuchuja nani aonwe na mtaalamu. Kumwambia mtu "una sonona" kwa sababu ya 12 peke yake ni haraka isiyo na msingi, na hapo kituo cha kwanza siwatetei.

Wa pili nao siwapi pongezi bado. Alisomewa wapi? Nimeona maswali haya yakisomwa kwenye benchi la foleni, mama mkwe kakaa pembeni. Nani atasema amelia wiki nzima? Masharti ya kupima yakibadilika, alama haina maana ileile.

Kwa hiyo aende kwa mtaalamu wa afya ya akili, azungumze naye faraghani, na amtajie fomu zote mbili.

Ila kuna jambo la kumwuliza leo hii. Swali la mwisho kwenye fomu zote mbili ni kuhusu mawazo ya kujidhuru. Kama hakujibu sifuri pale, usihangaike na jumla wala usisubiri miadi, mpeleke hospitali leo. Hata angekuwa na jumla ya 4.