Wifi anataka mwili wangu uchekeshe ukumbi

"Shangazi, mdogo wa mume wangu anaolewa. Kamati ya kicheni pati imeandaa igizo la kuchekesha kuhusu mbinu walizotumia wazungu wa zamani kujikondesha. Wifi amenipangia niwe bonge anayeshindwa kila dawa. Nikikataa wataniona nina gubu. Nifanyeje?" Mama wawili, Tandika.

Mwanangu, nafasi hiyo ikatae. Igizo acha liwepo, maana habari zenyewe zinachekesha kweli. Shida ni kwamba kamati imemcheka asiyehusika.

Mwaka 1863 mzishi mmoja wa London, William Banting, alichapa kijitabu kueleza alivyopungua. Alikuwa na kilo zipatazo 92, mtu mfupi tu. Akaacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, na ndani ya mwaka mmoja zikaondoka kilo kama 21. Watu wamezishika hizo kilo. Mimi kilichonigusa ni pale anaposimulia maneno ya kejeli aliyotupiwa mitaani na kwenye vyombo vya usafiri, mpaka akawa anakwepa mikusanyiko. Mtu ambaye familia yao ilizika wafalme wa Uingereza! Sasa mfikirie konda wa daladala la Mbagala anayekwambia ulipe siti mbili, uniambie kama kuna kilichobadilika. Na baada ya kijitabu kusambaa, gazeti la vichekesho la Punch nalo likamfanyia mzaha.

Wa kuchekwa wapo tele. Yupo Mmarekani Horace Fletcher, aliyewahubiria matajiri watafune chakula mpaka kiwe maji mdomoni. Ipo kampuni ya sigara za Lucky Strike, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 iliwaambia wanawake wakitamani kitu kitamu wavute sigara. Halafu kuna lile ambalo mimi halinichekeshi kabisa: dinitrofenoli, kemikali iliyokuwa ikitumika kwenye baruti, ambayo miaka ya 1930 ilitolewa Marekani kama dawa ya kukondesha. Watu walipata mtoto wa jicho wangali vijana, wengine wakafa, na mwaka 1938 serikali ikatangaza kwamba haifai kabisa kwa binadamu. Hao wauzaji ndio waigizwe, maana wajukuu wao wa biashara wapo Kariakoo na kwenye simu zetu, wanatuuzia chai za kukata tumbo zisizosema ndani mna nini.

Mpigie wifi yako kabla ya kikao kijacho, mkiwa wawili. Usimtangulize mume wako; akisikia kwa kaka yake atajua umemshtaki. Mwambie hivi: "Wifi, shughuli yako nitaicheza mpaka mwisho, lakini sitasimama mbele ya watu nichekwe mwili. Nipe nafasi ya muuza dawa." Nafasi hiyo ina maneno mengi kuliko zote, na ukiicheza vizuri ukumbi ni wako.

Akishikilia lake, mtafute somo wake, huyo atamsikiliza. Mchango wako toa kama ulivyoahidi, sare shona, nenda. Na MC aambiwe mapema asikutambulishe kwa unene, kwa sababu wengi wao hutamka chochote walichoandikiwa na kamati.