Maswali na Majibu: Mtu wa Mwanza na mlima wa theluji

Wasomaji kadhaa wa Mwanza, ambao wenyewe au watoto wao wako njiani kwenda kusoma Scotland, wameniuliza kuhusu kupanda mlima wenye theluji kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Niliishi huko majira mawili ya baridi kabla ya kurejea nyumbani, nami ninajibu kwa kadiri ya niliyoyaona na niliyofundishwa.

Wenzangu wa chuo wamenialika kupanda Ben Nevis mwezi wa Desemba. Mlima wenyewe una mita 1,345 tu, na mimi nimekulia Mabatini, ambako tunapanda mawe kila siku kwenda na kurudi nyumbani. Kuna la kuogopa? (Mwanafunzi, Mabatini)

Lipo, na linaanzia kwenye neno lako “tu”. Ni kweli kwamba uso wa ziwa letu uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo kilele hicho, kilicho kirefu kuliko vyote katika visiwa vya Uingereza, kinaizidi mitumbwi ya Kirumba kwa mita mia mbili na kidogo. Lakini safari yake huanzia karibu na usawa wa bahari, maana yake utapanda zaidi ya mita 1,300 kwa miguu yako. Hewa nayo hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu katika kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Fort William ulio chini ukiwa na nyuzi 5, kileleni utakuta kama nyuzi 4 chini ya sifuri, kabla hatujahesabu upepo.

Hata hivyo kinachonitia wasiwasi zaidi ni saa. Sisi tumezoea jua linalochomoza na kuzama karibu na saa moja kasoro robo mwaka mzima, na hatulifikirii kabisa. Huko, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali safari ya Ben Nevis huchukua saa saba hadi tisa kwa mtu wa kawaida. Hesabu hiyo haikubali: mtateremka gizani, juu ya barafu. Zaidi ya hayo, ukungu ukishuka juu ya theluji, ardhi na anga huwa rangi moja, na upande wa kaskazini wa kilele kuna magenge ambayo ukingo wake hufunikwa na theluji inayoning’inia hewani, ambayo mgeni huidhania kuwa ardhi.

Ushauri wangu ni kwamba usiende mlima huo, wala usianze Desemba. Anza na vilima vya Pentland karibu na Edinburgh, ambavyo kilele chake kirefu, Scald Law, kina mita 579, na usubiri Machi, ambapo mchana hukaribia saa kumi na mbili kama wa nyumbani.

Nimepata koti zito sana la mtumba pale Mlango Mmoja. Je, linatosha? (Msomaji, Nyegezi)

Mtumba hauna ubaya wowote. Shida ni hilo neno “zito”. Mpanda mlima huumizwa kwanza na jasho lake mwenyewe. Ukipanda umevaa koti zito utalowa ndani ya nusu saa, na ukisimama kupumzika ule unyevu utaanza kukunyang’anya joto. Nguo ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hushika maji na haikauki. Mimi nilipanda Pentland mara ya kwanza nikiwa na suruali ya jinzi; theluji iliyeyuka magotini, kisha upepo wa kileleni ukaikakamaza kama ngozi ya ng’ombe iliyoanikwa, na nilishuka nikitembea kama mtu wa vijiti.

Vaa tabaka tatu: fulana nyembamba ya sufu au ya nailoni iliyogusana na mwili, kisha sweta jepesi, halafu koti lisilopitisha upepo wala maji. Anza safari ukisikia baridi kidogo, na uvue sweta kabla hujatoa jasho, si baada yake. Koti lako zito, iwapo linakunjika vizuri, lipeleke ndani ya mkoba kwa ajili ya kusimama. Chukua jozi mbili za glovu, kwa kuwa moja italowa au itapeperushwa, pamoja na miwani ya jua, kwani theluji hurudisha mwanga machoni kwa ukali ambao hata jua la Igombe mchana haliufikii.

Viatu vya mtumba ninavihofia zaidi. Kwenye barafu ngumu hufungwa vyuma vya meno chini ya buti, viitwavyo kramponi, na havishiki kwenye soli laini inayojikunja. Vyuma hivyo, pamoja na sururu ndogo ya barafu ya kuzuia mtelezo, havina faida kwa asiyefundishwa kuvitumia. Karibu na Aviemore kuna kituo cha Glenmore Lodge kinachotoa mafunzo hayo.

Chakula na maji je? (Msomaji, Ilemela)

Karanga, tende na chapati, vikatwe vipande vidogo. Chai ya tangawizi iwe kwenye chupa ya chai, na chupa ya maji uipindue kifuniko chini, maana maji huanza kuganda juu. Simu iwe mfuko wa ndani, kwani baridi humaliza chaji.

Binti yangu anasoma Aberdeen na anataka kwenda mlimani na kundi la chuo. Nimesikia theluji huporomoka na kufukia watu. Nimkataze? (Mama, Igoma)

Shikamoo mama. Usimkataze kwanza, muulize. Theluji huporomoka hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, baada ya theluji nyingi mpya au upepo kuirundika upande mmoja, na Scotland hutolewa tahadhari kila siku ya majira ya baridi kwa maeneo makuu ya milima. Kundi lisiloisoma tahadhari hiyo ni sawa na mvuvi wa dagaa anayewasha taa bila kulitazama wingu.

Muulize nani kati yao amewahi kutembea mlimani wakati wa baridi, nani aliyebaki chini anajua njia yao, na saa ngapi watageuka hata kama kilele wanakiona. Swali la tatu ndilo kubwa. Akisema “tutaona tukifika”, mama, hapo mkataze. Ajue pia kwamba akipata shida hupiga 999 au 112, huomba polisi na kisha waokoaji wa milimani, ambao ni watu wa kujitolea na hawadai malipo. Na kwamba filimbi ikipulizwa mara sita ndani ya dakika moja, kisha ikanyamaza dakika moja na kurudiwa, inaomba msaada.

Kwa nini nisiione theluji Kilimanjaro kwa siku moja, bila viza? (Msomaji, Buzuruga)

Kwa siku moja utatoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita zipatazo 2,700, ndani ya msitu mzuri usio na theluji. Theluji iko karibu na kilele cha mita 5,895, na kukifikia huchukua siku tano au zaidi ili mwili uzoee hewa nyepesi.

Ninaweza kujizoeza nikiwa Mwanza? (Msomaji, Isamilo)

Sana. Panda na ushuke mlima wenu ukiwa na mkoba wa kilo saba, na utilie mkazo kushuka, kwa sababu mapaja huchoka wakati huo na watu huteleza. Kisha kaa barazani ukiwa umevaa glovu nene na ujifunze kufunga kamba za viatu, kuvuta zipu na kuwasha tochi ya kichwani bila kuzivua. Majirani watacheka, nawe endelea mpaka uweze kuyafanya hayo umefumba macho.