Maswali na Majibu: Jifunze Kuhama Kabla ya Kupamba

Safu ya leo nimeitenga kwa maeneokazi pepe (skrini kadhaa za kazi ndani ya kompyuta moja, unazohamia moja baada ya nyingine) na madoido yake, yaani mapambo na mwendo wa madirisha. Maswali yamerundikana, na mengi yana kasoro ileile: mtu anaandika "Linux yangu haifanyi hivi", basi, ameishia hapo. Unachokiona kwenye skrini si Linux peke yake. Ni ganda linalochora madirisha na paneli juu yake: GNOME, au KDE Plasma, au Xfce, au Cinnamon, na kila moja lina vitufe vyake na mipangilio yake. Kuniuliza bila kulitaja ni kama kumpigia fundi simu ukamwambia gari limezima, halafu usiseme ni gari gani.

Natumia Xfce. Nikizungusha gurudumu la kipanya, ghafla madirisha yote yanatoweka. Nimeshasakinisha mfumo upya mara mbili na tatizo limerudi. Ni virusi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Si virusi, na hakuna kilichotoweka. Xfce huja na maeneokazi kadhaa, na imepangwa hivi: ukizungusha gurudumu wakati kishale kiko juu ya sehemu tupu ya skrini, unahamia eneokazi la jirani. Madirisha yako yako kulekule ulikoyaacha. Zungusha kinyume, utayakuta. Kama hupendi tabia hiyo, fungua mipangilio, ingia Window Manager Tweaks, kichupo cha Workspaces, uondoe tiki kwenye mstari unaotaja gurudumu la kipanya. Weka pia kwenye paneli kile kionyeshi chenye visanduku vya maeneokazi, ili kila wakati ujue uko wapi.

Kinachonisikitisha ni hizo mara mbili. Tumelelewa na mafundi wa mitaani ambao wakishindwa jambo "wanapiga Windows" upya, na tabia hiyo tumehamia nayo kwenye Linux. Umehatarisha mafaili yako yote kwa jambo la tiki moja. Mfumo ukifanya usichokitarajia, uliza kwanza. Kufuta kuwe hatua ya mwisho kabisa, tena baada ya kunakili kazi zako pembeni.

Nikiwa ndani ya LibreOffice Calc nabonyeza Ctrl+F2 ili nipate dirisha la fomula, lakini natupwa eneokazi lingine. Kwenye kompyuta ya ofisi halinipati. (Mhasibu, Nairobi)

Hukusema, lakini dalili zinatosha: unatumia Plasma au Xfce. Yote mawili huchukua Ctrl+F1, Ctrl+F2 na kuendelea kwa ajili ya kuhama maeneokazi, na kitufe kikishachukuliwa na kisimamizi cha madirisha (programu inayoyapanga na kuyasogeza) hakifiki tena kwenye programu. Ctrl+F3, inayofungua orodha ya majina ya seli, nayo imekwenda njia hiyohiyo. Fungua mipangilio ya njia za mkato (kwa Xfce zimo kwenye kisimamizi cha madirisha, si kwenye kibodi), tafuta zinazohusu maeneokazi, uzibadilishe ziwe kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na namba: 1, 2, 3, 4. Kwenye Plasma namba hizo hutumika kufungua programu za paneli, kwa hiyo mfumo utakuuliza kama unataka kuzihamisha. Kubali.

Mhasibu anayeishi ndani ya Calc asiache vitufe vyake viibwe. Badilisha leo.

Njia ya haraka ya kuhama ni ipi?

GNOME, Cinnamon na Xfce: Ctrl+Alt na mshale wa kushoto au kulia. Plasma: Ctrl na kitufe cha Windows pamoja na mshale. Kwenye GNOME, Cinnamon na Plasma ongeza Shift, na dirisha ulilonalo utaondoka nalo. Swali hili nimelijibu mara nyingi, liandikeni mahali.

Nimeona kompyuta ya rafiki yangu ina mchemraba unaozunguka, kila upande eneokazi lake. Nataka na mimi. Nimeweka Ubuntu mpya. (Mbeya)

Mchemraba huo una historia ndefu, na nitaieleza kwa sababu ndiyo inayojibu kwa nini kwako haupo.

Maeneokazi pepe yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1990 tayari kulikuwa na kisimamizi cha madirisha kiitwacho swm, kilichompa mtu eneo pana kuliko skrini yake, na mwaka 1993 ikaja fvwm ambayo wengi walianza nayo kwenye Linux. Windows ilingoja hadi toleo la 10, mwaka 2015. Hakukuwa na mchemraba siku hizo. Kulikuwa na watu wenye skrini ndogo na kazi nyingi, wakitafuta nafasi.

Mchemraba ulikuja na Compiz, kisimamizi cha madirisha chenye madoido, mwaka 2006, kazi ya David Reveman alipokuwa kampuni ya Novell. Ilikuwa mara ya kwanza watumiaji wengi wa Linux kuona kadi ya picha ikitumika kuchora madirisha ya kawaida, si michezo tu. Mwaka huohuo kundi moja likajitenga likaanzisha Beryl, na mwaka 2007 pande mbili zikaungana tena. Oktoba 2007 Ubuntu 7.10 ikaja na Compiz ikiwa tayari imewashwa. Ndipo zilipofurika video za mchemraba ukizunguka, madirisha yakitikisika kama uji, moto ukichoma dirisha linalofungwa. Vijana wengi walihamia Linux kwa ajili ya hayo, na wengi wakarudi walikotoka mara uhondo ulipoisha, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kazi ya maeneokazi.

Ubuntu ya leo inatumia GNOME, na GNOME haina mchemraba wake. Kuna kiendelezi (programu ndogo ya kuongezea) kinachoitwa Desktop Cube ambacho hufanya kazi hiyo vizuri. Lakini GNOME hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na viendelezi huvunjika toleo linapobadilika hadi mwandishi wake avirekebishe. Ukijenga mazoea yako yote juu ya viendelezi kumi, jiandae kuamka asubuhi baada ya kupandisha toleo ukakuta sita havifanyi kazi. Mimi sitaki zaidi ya viwili kwenye kompyuta ya mtu anayeitegemea kwa riziki.

Plasma ni habari tofauti. Mchemraba wake uliondolewa katika toleo la 5.23, Oktoba 2021, kwa sababu msimbo ulikuwa umezeeka na hakukuwa na wa kuutunza. Ukarudi ukiwa umeandikwa upya katika Plasma 6, Februari 2024. Unauwasha kwenye sehemu ya madoido ya eneokazi, kisha unabonyeza kitufe cha Windows na C. Uwe na maeneokazi matatu au zaidi, maana yakiwa mawili hakuna mchemraba wa kuzungusha. Ujue pia kuwa huu mpya ni wa kutazama na kuchagua. Ukihama kwa vitufe vya kawaida bado utaona skrini ikiteleza.

Na kuteleza huko ndiko ninakokutetea. Doido zuri linaliambia jicho umekwenda upande gani: skrini ikiteleza kulia, unajua ulikotoka ni kushoto, na mkono unakumbuka njia ya kurudi. Doido baya linakuchelewesha. Kabla ya mchemraba, fanya hivi kwa wiki mbili: eneokazi la kwanza kivinjari, la pili maandishi, la tatu mafaili na terminali (dirisha la kuandikia amri), la nne mawasiliano. Usibadilishe mpangilio. Kwenye GNOME zima maeneokazi yanayojiongeza yenyewe, ili la tatu libaki kuwa la tatu, kwa kuandika kwenye terminali:

gsettings set org.gnome.mutter dynamic-workspaces false
gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences num-workspaces 4

Baada ya wiki hizo mbili mkono utakuwa unajua njia wenyewe. Ukitaka mchemraba wakati huo, weka.

Laptopu yangu nzito sana, nizime madoido gani?

Laptopu gani? RAM kiasi gani? GNOME, Plasma, Xfce au Cinnamon? Hukutaja hata kimoja, na wiki hii si wewe peke yako. Nakujibu kwa sababu wengi wako kwenye hali hiyo, hasa walionunua mashine zilizotumika pale Kariakoo na kwingineko.

Usizime chochote kabla ya kupima. Sakinisha kifurushi cha mesa-utils kisha andika kwenye terminali:

glxinfo -B

Soma mstari unaoanza na OpenGL renderer. Ukiona jina la kadi ya picha, kwa mfano Intel au AMD, kadi inafanya kazi na madoido ya kawaida huenda si mzigo wako. Ukiona neno llvmpipe, tatizo limepatikana: kadi haitumiki, na prosesa ndiyo inayochora kila kivuli na kila mtelezo. Hapo kuzima doido moja moja ni kuchota bahari kwa kijiko. Shughulikia dreva ya kadi (programu inayoiendesha), au hamia Xfce, ambako unaweza kuzima uchoraji wote wa madoido kwa amri moja:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Pili, andika free -h utazame safu ya available, yaani RAM iliyobaki. Kama imebaki kidogo na kivinjari kina vichupo arobaini, madoido hayana hatia. Funga vichupo.

Na onyo, ingawa hukuuliza: msinakili amri zinazoanza na sudo (neno linaloipa amri nguvu za mkuu wa mfumo) kutoka kwa mtu anayeahidi "kuharakisha Linux". Amri zote nilizoandika katika safu hii hazihitaji sudo, isipokuwa kusakinisha kifurushi. Mpangilio wa eneokazi ni mali yako wewe mtumiaji, hauhitaji nguvu za mkuu wa mfumo. Mtu akikuomba sudo ili abadilishe kivuli cha dirisha, jiulize anataka nini.

Nikiwa na maeneokazi manne, RAM inagawanywa mara nne?

Hapana. Programu ndizo zinazokula RAM, popote zilipo. Eneokazi tupu ni kama halipo.

Nilitaka kuhama, nikabonyeza Ctrl+Alt+F3. Skrini ikawa nyeusi, inaniomba jina na nenosiri. Nilizima kompyuta kwa kitufe cha umeme. (Mombasa)

Uliingia kwenye konsoli ya maandishi. Si eneokazi pepe, ila kazi zako zilikuwa bado zinaendelea nyuma yake, na kwa kuzima ghafla ndipo ulipozipoteza. Siku nyingine bonyeza Ctrl+Alt+F2. Kama hukurudi jaribu F1, kisha F7. Moja kati ya hizo ndiyo nyumbani.

Nafundisha kwa projekta. Nataka wanafunzi wabaki wanaona slaidi wakati mimi natafuta kitu kingine kwenye laptopu. Natumia GNOME. (Mwalimu wa sekondari, Iringa)

Mwalimu, asante kwa swali lililokamilika. GNOME imekupendelea. Kwa kawaida maeneokazi yake huhama kwenye skrini kuu peke yake, na skrini ya pili inabaki ilivyo. Fungua mipangilio ya skrini, chagua kuunganisha projekta kama nyongeza badala ya kuakisi, hakikisha skrini kuu ni ya laptopu, kisha sogeza slaidi kwenye projekta. Sasa hama utakavyo, darasa halitaona lolote. Kama inahama yote, kuna mtu aliyebadilisha: ingia sehemu ya Multitasking uchague maeneokazi kwenye skrini kuu tu.

Atakayefanya hivi kwenye Plasma ajue kuwa kule skrini zote kwa kawaida huhama pamoja. Abonyeze kulia juu ya ukingo wa dirisha la slaidi, aliweke lionekane kwenye maeneokazi yote.

Nimewahi kukaa katika darasa ambalo ujumbe wa familia ya mwalimu ulitokea ukutani mbele ya watoto wote. Kuificha programu ya mawasiliano kwenye eneokazi la nne hakuzuii arifa zake. Kabla ya kipindi, washa hali ya kutosumbuliwa: iko chini ya saa juu ya skrini kwenye matoleo ya zamani, na kuanzia GNOME 49 iko kwenye menyu ya mipangilio ya haraka pembeni. Kila kipindi, mwalimu.

Mama yangu anapata kizunguzungu nikimfungulia kompyuta, anasema vitu "vinaogelea". Nimwambie atazoea?

Usimwambie hivyo. Kuna watu ambao mwendo wa skrini huwasumbua kweli hadi kichefuchefu, na hakuna sababu ya kumlazimisha mama kuvumilia pambo. GNOME: mipangilio, sehemu ya ufikivu, zima madoido ya mwendo, au tumia amri hii:

gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false

Plasma: sogeza kitelezi cha kasi ya mwendo hadi mwisho, upande wa papo hapo. Cinnamon ina sehemu nzima ya madoido, zima yote. Mkuzie na maandishi pia, atakushukuru.

Nilikuwa na hati ndogo ya amri za wmctrl (programu ya kusogeza madirisha kwa amri) inayonipangia madirisha asubuhi, kila programu eneokazi lake. Nimepandisha toleo, haifanyi kazi tena.

Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Likitokea neno wayland, umepata sababu. wmctrl iliandikwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ambako programu yoyote iliweza kusogeza madirisha ya programu nyingine na hata kusoma yanayochapwa humo. Wayland, mrithi wake, imefunga mlango huo kwa makusudi, nami naunga mkono, ingawa najua uchungu wa hati iliyokutumikia miaka mingi kufa kwa usiku mmoja.

Usirudi X11 kwa ajili ya hili; Ubuntu 25.10 tayari imeondoa kikao cha GNOME cha X11. Kwenye Plasma tumia kanuni za madirisha: bonyeza kulia juu ya ukingo wa dirisha, tengeneza kanuni ya programu hiyo, itajie eneokazi lake. Kwenye GNOME washa Auto Move Windows, kiendelezi kinachotunzwa ndani ya mradi wenyewe wa GNOME, kwa hiyo hakiachwi nyuma toleo linapobadilika. Orodhesha programu zako na namba za maeneokazi mara moja. Jambo moja la kuangalia: wmctrl ilihesabu kuanzia sifuri, huku kunahesabiwa kuanzia moja. Ukinakili namba zako za zamani kama zilivyo, kila kitu kitakaa eneokazi moja nyuma ya pale unapopatarajia.