Baiskeli ya kazini, mwanao ndiye aendeshe?

Kaka, umeuliza kama unaweza kuchukua baiskeli kwa ule mpango wa Uingereza wa baiskeli za kwenda kazini (Cycle to Work), halafu umpe kijana wako aliye chuo. Hapana. Mpaka muda wa kukodi uishe, baiskeli si yako. Wewe unaikodi kupitia mwajiri, kwa makato ya mshahara kabla ya kodi ya mapato. Sharti lenyewe ni kwamba zaidi ya nusu ya matumizi yawe safari za kazi, na hata kipande cha nyumbani hadi stesheni kinahesabiwa. Daftari la maili hudaiwi. Yangu Jumamosi hubeba ndizi na muhogo kwenye kikapu, na hapo sijavunja sheria yoyote.

Kinachoniudhi ni kingine. Makato hayaruhusiwi kushusha mshahara chini ya kima cha chini, kwa hiyo mfagizi anayetoka saa kumi alfajiri, kabla basi halijaanza, mara nyingi anakosa. Bosi anayelipa kodi ya 40% ndiye anayepata nafuu kubwa. Haya, wewe chukua yako uiendeshe kweli. Kijana mtafutie ya mtumba.