Maswali ya Wasomaji: Jina la babu katika kitabu cha ubatizo

SWALI: Shikamooni wahariri. Babu yangu alibatizwa Mpwapwa akiwa kijana, siku za mwisho za utawala wa Wajerumani, kisha akahamia Dodoma. Nataka kuliona kanisa lake la Anglikana na, Mungu akijalia, jina lake kitabuni. Nianzie wapi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Anzia Mpwapwa. Wengi hukimbilia Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu hapa mjini kwa kuwa ndilo la askofu, wakarudi mikono mitupu. Kitabu cha ubatizo hukaa kwenye parishi alikobatizwa mtu, hakimfuati anapohama. Tena Mpwapwa ni ya zamani kuliko Dodoma. Ilikuwa kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora, na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha umisionari cha Waanglikana wa Uingereza) walifika huko mwaka 1876, wakaweka kituo cha kudumu mwaka 1878. Dodoma ilianza kukua kama mji reli ilipofika, mwaka 1910.

Mpigie simu au mwandikie mchungaji wa parishi wiki mbili kabla. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wako. Omba siku ya katikati ya wiki, maana Jumamosi kuna harusi na Jumapili hana nafasi. Mtajie jina la ubatizo la babu, jina la baba yake, kijiji, na makadirio ya miaka yasiyozidi mitano. Hilo la miaka ndilo kubwa: vitabu vya zamani vimepangwa kwa tarehe, si kwa majina, na asiye na mwaka hupekua kurasa hadi jioni.

Usitafute jina la ukoo, huenda halikuandikwa kabisa. Tafuta Yohana, Petro au Danieli mwana wa fulani. Angalia pia tahajia: Kigogo huandikwa kwa “c” mahali pa “ch”, hivyo Chamwino inaweza kusomeka Camwino. Kwa kuwa babu alibatizwa akiwa kijana, uliza kama kuna kitabu cha watu wazima kilichotengwa na cha watoto. Ukikosa jina huko, omba kitabu cha kipaimara. Wengi hupatikana humo.

Ukikuta pengo katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, usihitimishe kwamba babu hakubatizwa. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS, na uandishi wa vitabu ukayumba. Usishangae pia kukuta askofu wa Mombasa ametajwa: Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, chini ya Askofu George Chambers, na kabla ya hapo eneo hili lilikuwa chini ya Mombasa. Leo Mpwapwa ni dayosisi inayojitegemea, hivyo barua yoyote rasmi ielekeze huko.

Kitabu chenyewe kiheshimu. Nawa mikono, ikauke kabisa. Usilambe kidole kufunua ukurasa. Kilaze mezani, usikikunje mgongo, andika maelezo yako kwa penseli. Picha za simu piga kwa mwanga wa dirishani bila flashi, ukianza na jalada, kisha ukurasa mzima wenye namba yake. Anayepiga mstari mmoja tu hukosa tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa. Ukiona mchwa au unyevu kabatini, mwambie mchungaji siku hiyo hiyo, kwa sababu kurasa zikiliwa hakuna nakala nyingine.

Kwa safari, toka Dodoma kwa barabara ya Morogoro hadi Mbande, kisha pitia Kongwa. Ni yapata kilomita 120.

SWALI: Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, nimehamishiwa Dodoma kikazi. Sioni ubani wala sanamu, na padri anaitwa mchungaji. Hili ni kanisa letu kweli?

JIBU: Ni lenu kabisa. Masasi na Zanzibar zililelewa na UMCA (Universities’ Mission to Central Africa), wamisionari Waanglikana waliopenda ibada ya ubani, mavazi ya fahari na Misa. Dodoma ililelewa na CMS, iliyotanguliza mahubiri na usomaji wa Biblia, na baadaye ikapokea wamisionari wengi kutoka Australia, alikotoka Chambers mwenyewe. Tangu mwaka 1970 sote tu jimbo moja la Tanzania. Usipoteze muda kutafuta altare ya mawe: hapa utasikia Meza ya Bwana, na Misa utaisikia ikiitwa Ushirika Mtakatifu. Kipaimara chako kinatambuliwa. Nenda ukapokee bila wasiwasi.

SWALI: Nikienda Jumapili kama mgeni tu, nivaeje, na je, naweza kupiga picha?

JIBU: Mavazi ya heshima yanayofunika mabega na magoti; mwanaume avue kofia. Picha piga baada ya ibada, kwa ruhusa ya mzee wa kanisa. Kwenye matangazo wageni huombwa kusimama: taja jina na unakotoka, inatosha. Tenga saa tatu, na noti ndogondogo, maana baada ya ibada mara nyingi kuna mnada wa sadaka za mazao na kuku, na ukinunua hata debe la mtama umelisaidia kanisa.