Kitambi, ukoo na sukari: maswali yenu

Kliniki nimeambiwa nina sindromu ya kimetaboliki. Ni ugonjwa gani huo, daktari?

Si ugonjwa mmoja. Tunaangalia vitu vitano: kiuno, presha, sukari kabla hujala, trigliseridi (aina ya mafuta kwenye damu), na kolesteroli nzuri (HDL). Vitatu vikiharibika, unayo. Presha huhesabiwa kuanzia 130/85, sukari 5.6 mmol/L. Ndiyo maana wengi hushangaa: hakuna kipimo kilichotisha, ila vyote vimepanda kidogo kidogo kwa pamoja.

Mimi mnene tangu utotoni na vipimo vyangu ni safi. Mdogo wangu mwembamba, kitambi tu, ana sukari. Imekuwaje?

Inategemea mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani na makalioni hayana fujo sana. Yaliyojificha ndani ya tumbo humwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likishajaa huanza kuikaidi insulini (homoni inayoshusha sukari), na kongosho, linaloitengeneza, hulazimika kutoa zaidi na zaidi mpaka lichoke. Kwa hiyo pamoja na mizani, tafuta futi ya fundi cherehani. Simama, toa pumzi, zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Si pale unapofungia mkanda! Wanaume wenye vitambi huufunga chini ya tumbo, kisha hujisifu suruali ni saizi ileile ya ujanani. Mwanamke akifika sentimita 80, mwanaume 94 (90 kwa mwenye asili ya Kihindi), akapime damu. Hata wewe rudia vipimo kila mwaka. Usafi wa leo si wa kudumu.

Baba, shangazi na kaka wote wana kisukari. Si nile tu, maana ni ya ukoo?

Hapana, ndugu yangu. Jeni zinazohusika ni nyingi, na nyingi zina nguvu ndogo. Mojawapo, FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huongeza hamu ya kula. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huzidi wenzake kwa wastani wa kilo 3 hivi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulichukua watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa asilimia 58 chini ya wenzao, na waliorithi jeni mbaya nao walinufaika. Tena mnachangia sufuria moja, mafuta yaleyale ya kukaangia. Hayo hayamo kwenye damu.

Chai ya mdalasini huyeyusha kitambi?

Haiyeyushi. Kunywa ukipenda, bila sukari, na dawa zako za presha usiziache.