Sauti niliijua, miguu ndiyo iliyogoma

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Unaitambuaje sauti ya Mungu katikati ya sauti nyingi?" Nimelisoma asubuhi, nikaliacha, usiku nikalirudia. Limenigusa penye kidonda. Niwe mkweli tangu mwanzo: naona mmeuliza siko. Kwa sisi tuliokaa kanisani miaka mingi, taabu haiko kwenye kuitambua. Tumeshaitambua, na bado tunajizungusha.

Lugha yetu yenyewe inatuumbua. Mtoto akitumwa akakataa kuinuka, tunasema huyu hasikii, na masikio yake ni mazima. Msikivu ni yule aliyekwisha kusimama. Kwetu kusikia na kutii vinakaa nyumba moja, halafu tukiingia kwenye maombi tunavitenganisha.

Mahubiri mengi ya kuisikia sauti ya Mungu huishia usiku ule wa 1 Samweli 3. Kijana Samweli ameitwa na Mungu, amemkimbilia kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye amwitaye, ya nne amejibu, tunasema amina. Asubuhi yake hatuihubiri. Ujumbe aliopewa ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, mzee aliyemlea. Imeandikwa kwamba akalala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana, naye akaogopa kumweleza Eli. Nampenda sana kijana yule pale mlangoni. Kufungua milango ilikuwa kazi yake halali, tena kazi takatifu. Lakini nadhani siku ile aliifungua polepole.

Mimi milango yangu niliifungua kwa wiki tano.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Siku moja hesabu za michango zikapungua, na daftari lilikuwa limekaa mwezi mzima kwa mwenzangu wa sauti ya pili, dada niliyesimama naye bega kwa bega miaka na miaka. Kwenye kikao nikainuka nikasema, "Mimi simtaji mtu, ila sote tunajua daftari lilikuwa kwa nani." Sikumtaja, na watu wote wakageuka wakamtazama. Hakujibu neno. Alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakitia mkobani, akavuta zipu mpaka mwisho, akatoka. Hakurudi kwayani.

Miezi ikapita. Nikiwa najiandaa kumkabidhi daftari mweka hazina mpya, nikaona kurasa mbili zimegandana kwenye kona. Ilikuwa gundi ya risiti niliyoibandika mimi mwenyewe. Nikaziachanisha kwa ukucha, taratibu, zisichanike. Ndani kulikuwa na mwandiko wa yule dada kwa kalamu ya kijani, majina na kiasi, vimepangwa vizuri kuliko nilivyokuwa nikipanga mimi. Na chini kabisa, sahihi yangu ya kupokea. Fedha nilizipokea mwenyewe, nikaziingiza kwenye fungu la wagonjwa, nikasahau.

Palepale nikasikia, wala si kwa masikio: Nenda leo. Basi, maneno mawili.

Nikasema, Bwana, kama kweli ni wewe, nithibitishie. Nikafunga siku tatu. Nikamwomba mama mchungaji aniombee "kuhusu jambo fulani". Nikatandika na ngozi kama Gideoni, yule aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo, nikisahau kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa kabla hajaitandika. Na Mathayo 5:23-24 naijua tangu Shule ya Jumapili: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Hakuna palipoandikwa uombe uthibitisho. Jumapili 5 nilitoa sadaka.

Wiki ya sita nikaenda. Alinikaribisha, akanivutia kiti. Nikaeleza yote, nikamfungulia daftari pale palipogandana. Alipitisha kidole juu ya mwandiko wake, mstari kwa mstari, mpaka kwenye sahihi yangu. Akasema, "Nimekusikia, dada." Hakusema amenisamehe. Kisha akaniuliza, "Siku ile kwenye kikao tulikuwa wangapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilidhani nimeshatii. Ndipo nikamkumbuka mfalme Sauli wa 1 Samweli 15, aliyeamriwa kuangamiza hata mifugo ya adui: anamlaki Samweli akijisifu kwamba amri ya Bwana ameitimiza, na Samweli anamwuliza, mbona basi nasikia kondoo wanalia? Nilimwaibisha mbele ya watu, nikaja kutubu faraghani. Kondoo wangu walikuwa wanalia.

Sasa hapa nilipofika kuna jambo ambalo sikukusudia kuliandika. Usiku wa kuamkia kikao kile niliomba pia. Niliomba kwa machozi, nikapata amani. Niliwaambia hata watu wawili kwamba Bwana amenisukuma nisinyamaze. Uhakika niliokuwa nao usiku ule ulikuwa mkubwa kuliko wa siku ya "nenda leo". Kwa hiyo nayameza maneno yangu ya juu. Swali lenu ni la haki, na 1 Yohana 4:1 haikutuambia bure tuzijaribu roho.

Nikizilinganisha sauti zile mbili, ya kwanza ilinituma kwenye kosa la mwenzangu, nikawa na hamu ya kusema. Ya pili ilinituma kwenye kosa langu, nikatafuta pa kujificha. Lakini siwezi kusema kila kinachouma kimetoka kwa Mungu. Nawafahamu watu wanaoshitakiwa usiku na mchana moyoni mwao kwa mambo waliyokwisha kutubu na kusamehewa, na singependa waisome barua hii waongeze mzigo. Labda niseme hivi: sauti ikinituma kumshitaki mtu, nikawie, nimtafute mwenzangu tulipekue daftari pamoja. Ikinituma kuungama, nisilale nayo. Hata hapo huenda wapo ambao ningewaambia wasiende peke yao, maana kuna nyumba ambazo si salama kuziingia.

Swali la yule dada nililijibu. Tulikuwa 21. Jumamosi iliyofuata nikasimama kwenye mazoezi, nikataja jina lake na kosa langu. Kati yao, waliokuwepo kunisikia ni 14 tu. Ukinitoa mimi na yeye, walibaki 5 wasionisikia. Wawili nimewafuata walipo. Wawili wamehama, ila namba zao ninazo. Mmoja naketi naye benchi moja kila Jumapili.